Siku Mtaa Wetu Ulipozima Redio

Saa saba na robo mchana, siku ya Jumanne, redio ya shangazi haikutoa mkwaruzo. Kipindi cha santuri kilianza hivyo kila siku: kwanza mkwaruzo wa sindano ikitafuta njia yake, kisha sauti ya mtangazaji, kisha muziki. Siku ile pakawa kimya, halafu ikaja sauti ya mtu mwingine, akisoma haraka kama anayetaka kuutua mzigo. Alisema mwenzao wa kipindi cha santuri amefariki dunia alfajiri, hospitalini Dar es Salaam, baada ya kuugua kwa muda mfupi, na kwamba atazikwa kesho hukohuko, baada ya sala ya adhuhuri.

Nilikuwa kibarazani kwa shangazi, nashona kofia. Ndiyo kazi yangu hadi leo. Kofia ya viua, yale matundu madogo yanayodariziwa kwa sindano, huchukua wiki nyingi. Mikono na macho vinashughulika lakini masikio hayana kazi, na mtu asiye na cha kusikiliza husinzia akajichoma. Katika miaka ile, kuanzia katikati ya sitini hadi mwanzoni mwa sabini, masikio yangu yalikuwa mali ya mtangazaji yule.

Shangazi alikuwa mlangoni, anachagua mchele kwenye ungo. Hakuwa shangazi yangu. Alikuwa dada wa baba wa mtangazaji, na ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki naye hajaacha ziwa. Lakini Bagamoyo, mtaa wetu mzima ulimwita shangazi, hata waliomzidi umri.

Hakulia. Aliweka ungo chini, akausukuma kwa mguu mpaka ukagota ukutani, akaniambia, "Zima."

Nilimwuliza kama haoni bora tungoje kidogo, huenda wakarudia na kueleza zaidi.

"Mtoto hajazikwa," alisema. "Redio italiaje nyumbani kwake? Zima, na wengine nao wazime."

Nikazima. Kwetu pwani nyumba yenye msiba haipigi ngoma wala muziki mpaka matanga yaanuliwe, na jirani mwema naye hunyamazisha kwake. Kwa kuwa aliyekufa alikuwa wa mtaa mzima, mtaa mzima ulinyamaza. Neno la shangazi lilipita mlango kwa mlango, na kabla ya alasiri redio zote kuanzia msikitini mpaka sokoni zilikuwa kimya, nyingine zimefunikwa kanga. Sikujua kwamba mtaa wetu una sauti nyingine za mchana: kinu, mbuzi, mtu anayekohoa nyumba ya tatu.

Nieleze alikuwa nani. Alikulia katika nyumba ileile, mimi nikimzidi miaka minane au tisa. Hakuwa mtoto wa kukaa kimya. Aliiga sauti ya muuza kahawa, ya mnadi samaki, na ya mwalimu wake wa chuo cha Kurani akiwa amekasirika. Aliiga hata sauti ya shangazi akiita watu kula, na watoto wenzake wakaacha mchezo wakakimbilia jikoni. Alipopata ndevu alikwenda Dar es Salaam, akapata kazi redioni: kwanza ya kutoa santuri kabatini na kuzirudisha, baadaye ya kuzipiga, mwisho ya kuzisemea.

Mimi nilisoma hadi darasa la nne. Yaliyobaki nilijisomea kwa vitabu vya kuazima, na pengine ndiyo sababu hutazama kwanza jinsi mtu anavyofanya kazi yake, ndipo nisikilize anavyosifiwa. Huyu hakuzungumza wimbo ukiendelea hata mara moja. Alisubiri mpaka chombo cha mwisho kinyamaze, akaacha nafasi ya pumzi moja, ndipo akasema. Kama fidla ilimjibu mwimbaji vizuri, alituambia kabla, ili tusipitwe. Alianza na taarabu, akaja kwenye dansi, akavuka hadi rumba ya Kongo, na kila siku alimalizia na wimbo mmoja wa polepole kwa wale ambao mikono yao iko kazini. Niliuhesabu kuwa wangu, ingawa najua wavuvi wa Mlingotini na wapalizi wa mananasi wa Kiwangwa nao waliuhesabu kuwa wao.

Kwa mshahara wake wa kwanza wa maana alimnunulia shangazi redio ya betri. Siku aliyoileta nilikuwapo. Shangazi aliizunguka kama anayetazama mbuzi wa kununua.

"Sasa nikisema kule, utanisikia hapa," alimwambia.

"Na mimi nikisema hapa?"

"Hapo sitakusikia. Lakini nitakujibu tu, shangazi. Najua utauliza nini."

"Nitauliza nini, mjuzi wewe?"

"Kama nimekula."

Tulicheka wote, na yeye shangazi akampiga kofi la bega, maana ndiyo kweli. Hakuwahi kumwuliza mtu swali lingine kabla ya hilo.

Tangu wiki hiyo mtangazaji alifunga kipindi kwa maneno yaleyale kila siku: "Nimekula, nimeshiba. Kwaherini." Wasikilizaji wa mbali walidhani ni mzaha wake. Wachuuzi waliyasema wakifunga meza zao jioni, na makondakta walipofika mwisho wa safari. Mtaani kwetu tulijua anajibiwa nani. Shangazi, akiwa jikoni au uani, alisema "Alhamdulillahi," na ndipo naye akajipakulia. Sikumwona hata siku moja akila chakula cha mchana kabla hajayasikia maneno yale.

Basi Jumanne ile alitaka jambo moja tu: amwone uso kabla hajafunikwa. Wanawake wetu hawaendi makaburini. Kuagana kwao ni nyumbani, kabla jeneza halijatoka, na likishatoka limetoka. "Nikimkosa hapo," alisema, "nimemkosa."

Magari ya abiria yalikuwa ya kubahatisha, na miguu ya shangazi ilikuwa imevimba tangu mvua. Wanaume wa mtaa walichanga, wakakodi pikapu ya tajiri mmoja wa mbata pamoja na dereva wake. Mimi nilipewa kazi ya kumsindikiza kwa sababu niliijua nyumba ya Ilala alikokuwa anaishi marehemu. Tulikubaliana tuondoke mara baada ya sala ya alfajiri.

Shangazi alitoka amevaa buibui lake jipya, na mkononi ana mrashi wa marashi ya waridi aliouzungushia kanga ili usivunjike. Alikaa mbele na dereva. Mimi nilipanda nyuma, juu ya magunia yanayonuka nazi kavu. Dereva alikuwa mtu wa maneno, na ingawa kioo kilitutenga, nilimsikia njia nzima akimhadithia shangazi juu ya kila korongo tulilopita, nani aliangukia pale na alikuwa amebeba nini.

Tulipofika Kerege tairi la nyuma likatoboka.

"Fundi kofia, shuka," dereva aliita. "Leo utashona mpira."

Nikashuka. Alinipa jeki, nikaitafutia mahali.

"Siyo hivyo! Hiyo si sindano, bwana, haitakuchoma. Ishike kama mwanamume."

"Tairi lako limebaki uzi mtupu," nilimwambia. "Ungeniambia jana ningekuja na sindano nikalidarizi viua."

"Wanangu," shangazi alisema kutoka ndani, "mnataniana na jua linapanda."

"Mama, tusipotaniana nati hazitoki," dereva alijibu, lakini akaharakisha kazi.

Tulikuwa bado hatujalipandisha tairi la akiba lilipotokea lori kutoka upande wa Dar es Salaam, likienda taratibu kwa sababu ya mashimo, na gari dogo linalifuata. Nyuma ya lori walikaa wanaume wenye kofia, wamelizunguka jeneza lililofunikwa kitambaa cha kijani. Vumbi lilikuwa jingi na wengi walikuwa wamejiziba nyuso kwa leso. Dereva wetu aliacha spana ikaanguka, akasimama wima. Nami nikasimama. Nikasikia mlango ukifunguka, na shangazi akashuka kwa miguu yake ileile mibovu, akaja ukingoni mwa barabara, akainua mikono akamsomea Fatiha yule aliyekuwa anapitishwa. Hakuishusha mpaka gari dogo nalo likapotea kwenye kona.

"Wa wapi hawa?" aliuliza.

"Labda wa Kiwangwa," dereva alisema. "Wengi wanaofia hospitali kubwa hurudishwa hivi."

"Mungu amrehemu. Huyu ana bahati, anarudishwa kwao. Wangu mimi wanamzika ugenini."

Akarudi garini, nikamfungia mlango.

Tulifika Ilala saa tatu na kitu. Niliitambua nyumba, lakini nilidhani nimekosea. Hapakuwa na turubai wala viti, wala wanaume barazani. Mlango ulikuwa na kufuli. Uani kwa jirani mwanamke mmoja alikuwa anasugua masufuria makubwa kwa mchanga, yale ya kupikia watu wengi.

Tulisalimiana. Shangazi alimwitikia marahaba, akamwuliza maiti yuko wapi.

"Mmetoka wapi, mama?"

"Bagamoyo."

Yule mwanamke akaacha kusugua. "Bagamoyo? Sasa mmefuata nini huku? Si wamempeleka kwenu!"

"Nani kampeleka?"

"Kaka yake yule wa mama mwingine, wa Tanga. Alifika jana magharibi, akasema marehemu alishausia azikwe ubavuni mwa mama yake. Posta imefungwa, simu ya kuwapigia hakuna. Wenzake wa redio wakasema msihangaike, hilo tuachieni sisi. Wametangaza saa mbili usiku, wakatangaza tena leo alfajiri: ndugu wa Bagamoyo kaeni tayari, mtu wenu anakuja." Alitutazama mmoja mmoja. "Kwani huko hamna redio?"

Shangazi ndiye aliyejibu.

"Tunazo. Tulizima."

"Mlizima? Siku kama ile? Kwa nini?"

"Kwa heshima yake."

Mwanamke aliingia ndani akarudi na kigoda na kikombe cha maji. Shangazi aliketi lakini hakunywa. Dereva, ambaye hakuwa amefunga mdomo tangu Bagamoyo, alikwenda akasimama akitazama kufuli la mlango wa marehemu kana kwamba litafunguka. Shangazi alisema, si kwa yeyote kati yetu, "Lile lori."

Dereva akageuka.

"Lile lori la Kerege," alisema. Halafu akanyoosha mkono nimwinue.

Yaliyobaki ya asubuhi ile sipendi kuyasimulia kwa urefu. Tairi lililotoboka lilibidi lizibwe, kwa maana bila la akiba dereva asingethubutu njia ile, na fundi wa viraka alikuwa na foleni. Dereva alimwambia tuna msiba. Fundi akasema wote waliosimama pale wana dharura, lakini akatutanguliza. Tuliondoka mjini jua likiwa karibu utosini. Kule mbele ya Bunju kiraka kikaachia, tukabadilisha tena, na kwenye mchanga wa Mapinga tukakwama, tukasukumwa na watu waliokuwa wanatoka shamba. Wakati huo hakuna aliyetania. Shangazi alikaa na mrashi wake mapajani, ananiuliza tu kila tulipoanza tena mwendo, "Adhuhuri imeingia?" Nikamwambia bado, mpaka ikawa siwezi tena kusema bado.

Tulipoingia mji wa Bagamoyo wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, pindo za kanzu zao zina udongo. Walipoliona gari letu walisimama pembeni mwa njia, wakainamisha vichwa, kama tulivyofanya sisi Kerege.

Niliyoyakosa nilielezwa baadaye. Mwashi mmoja wa mtaa wa pili, ambako redio hazikuzimwa zote, alilisikia tangazo la usiku. Hakuja kutuambia, kwa sababu haikumpitikia akilini kwamba wafiwa ndio wasiojua. Alikuja asubuhi, na sururu begani, kuuliza kaburi lichimbwe upande gani wa kaburi la mama wa marehemu, akaambiwa shangazi ameshaondoka kwenda Dar es Salaam. Hakukuwa na gari lingine la kutufuata. Lori lilipofika, maiti aliwekwa chumbani kwa shangazi, juu ya kitanda chake mwenyewe, na wanawake wote wa mtaa walipita kumwona uso, mmoja baada ya mwingine. Jamaa, majirani, hata wapita njia. Walimwona wote isipokuwa shangazi.

Imamu mwenyewe alikuja mlangoni. "Tumekusubiri, shangazi. Tumesali, tumekaa, tumesubiri tena. Ni siku ya pili, na joto hili."

"Mmefanya sawa," alimwambia. "Maiti hawekwi."

Chumba kilikuwa bado kinanuka udi. Shuka la kitandani lilikuwa na bonde la mtu. Shangazi aliuweka mrashi dirishani, haujafunguliwa, akakaa chini kando ya kitanda, si juu yake, na hapo akalia kwa mara ya kwanza.

Mmoja wa wenzake wa redioni, mtu mzima mnene aliyekuwa akisoma taarifa za habari, alingoja mpaka jioni ili aonane naye. Aliongea kwa ile sauti tuliyoizoea, nayo ilisikika vibaya chumbani, kubwa mno.

"Mama, naapa tulitangaza. Mara mbili."

"Najua, mwanangu. Nyinyi hamkukosea."

"Tulidhani njia ya haraka kwenu ndiyo hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa akisema, shangazi yangu hapitwi na neno."

"Ndivyo. Sipitwi. Ile siku tu."

Alimwambia kwamba wamepata ukanda wa kipindi chake kimoja cha mwisho, na kwamba Jumamosi, saa ileile, watakipiga kizima.

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya kuanua matanga, baada ya hitma ya alasiri. Kwa hiyo saa saba mchana matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa, na mikeka imejaa watu. Shangazi alimwita mtumishi wa mikono yake, yaani mimi, kama alivyozoea kunitania, akasema, "Washa."

Mzee mmoja alikohoa. "Shangazi, bado saa chache tu. Tunaanua baada ya alasiri."

"Niliizima mara moja, nikaona faida yake. Washa, baba."

Nikawasha. Mlango kwa mlango nikasikia na wengine wakiwasha, mpaka mtaa mzima ukawa unasubiri kitu kimoja. Ukaja mkwaruzo. Ikaja sauti yake, haina ugonjwa wala haraka, ikatusalimu. Wanaume waliokuwa mikekani walitazama chini. Taarabu, halafu dansi, halafu rumba, kila wimbo ukiachiwa mwisho wake. Shangazi alikuwa ameuchukua ule ungo aliousukuma Jumanne, na mchele uleule, anauchagua bila haraka. Jikoni chakula kilikuwa tayari; nilisikia mwanamke akimwuliza kama apakue, na shangazi akimpungia mkono kuwa bado.

Ukapigwa wimbo wa polepole. Ukaisha. Akaacha ile nafasi ya pumzi moja. Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha ukanda ukakatwa, na mtu mwingine akasema kwamba hiyo ilikuwa kumbukumbu ya mwenzetu mpendwa, Mungu amlaze mahali pema. Zikafuata bei za korosho.

Shangazi aliinua macho kutoka kwenye ungo. Alingoja. Bei za korosho zikaisha, zikaja za pamba.

"Hajasema," aliniambia.

Nikamwambia wamekata. Nilidhani sababu naijua, na baadaye yule mnene alinithibitishia: walikaa wakajadiliana, wakaona si adabu kumwacha maiti aiambie nchi kwamba amekula na ameshiba. Hawakujua maneno yale yalikuwa ya nani.

"Wamemzima kwa heshima," shangazi alisema. "Na wao."

Aliendelea kuchagua mchele. Chakula chake kilipelekwa, kikapoa, kikarudishwa jikoni. Alikula usiku, tulipomshika mikono kumsihi, na tangu siku hiyo hakuwa tena na saa maalumu ya kula mchana. Redio hakuizima. Ililia kutwa, habari kwa muziki, mpaka betri zilipokwisha, na zilipokwisha hakuagiza nyingine. Mimi nilinunua redio yangu mwaka uliofuata. Mtangazaji mpya wa santuri alikuwa mtu hodari, lakini alizungumza nyimbo zikiendelea.

Jioni ile ya kuanua matanga dereva wa pikapu alikuja, amevaa shati safi, na noti mbili mkononi. Alipiga magoti mbele ya shangazi.

"Mama, nimeona nirudishe nusu. Sikukufikisha."

"Ulinifikisha," shangazi alimwambia. "Nilisema Dar es Salaam, na ulinipeleka Dar es Salaam. Kanunue tairi, mwanangu."

Hakuzipokea. Gari lilikodiwa kwa fedha za mchango wa mtaa, kwenda kumtafuta mtu ambaye alikuwa njiani anakuja nyumbani, na hakuna iliyorudi. Zilizopotea ni shilingi themanini.